Visu Ishirini, Sufuria Moja: Tunachokosea Kuhusu Kompyuta Kuu na Utafiti wa Jenomu

Machi 2025, Cassava Technologies, kampuni ya tajiri wa Kizimbabwe Strive Masiyiwa, ilitangaza kwamba itafunga kompyuta kuu za Nvidia katika vituo vyake vya data, ikianzia Afrika Kusini na baadaye Misri, Kenya, Moroko na Nijeria. Mei ya mwaka uliotangulia, Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilikuwa zimetangaza mradi wa dola bilioni 1 nchini Kenya, wenye kituo cha data kitakachotumia umeme wa jotoardhi wa Olkaria. Matangazo yote mawili yalihusu zaidi akili mnemba. Lakini kwetu sisi tunaohangaika na bioinfomatiki, yaani kazi ya kuchambua DNA na protini kwa kompyuta, yalipokewa kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Tangu hapo kuna kauli isiyokosekana kwenye semina zetu na kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp: mashine zikifika, jenomu za Afrika zitachambuliwa Afrika.

Kauli hiyo ina nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndiyo itakayotutia hasara. Mara nyingi kinachokwamisha utafiti wa jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, katika maabara zetu si uchache wa prosesa. Ni namna kazi yenyewe inavyogawika, ni kasi ya diski inayozilisha hizo prosesa, na ni kukosekana kwa mtu wa kuamka saa nane za usiku foleni ya kazi inapokwama. Tukinunua prosesa bila kuyafikiria hayo, tutakuwa tumenunua joto na bili ya umeme.

Anayetaka kuelewa ukokotoaji sambamba, yaani kugawa hesabu kwa prosesa nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, aingie jikoni kwenye shughuli ya harusi. Vitunguu vya pilau ya watu mia tano vinamenywa na kina mama ishirini, kila mmoja na kisu chake na beseni lake, na hakuna anayemngoja mwenzake. Ukileta wengine ishirini, vitunguu vitakwisha kwa nusu ya muda. Sasa subiri mchele uingie sufuriani. Hapo hata ukileta kijiji kizima, pilau itaiva kwa wakati wake. Watu wataongezeka, soga zitanoga, na moto utabaki ule ule. Kazi yoyote ya kompyuta ina vitunguu vyake na ina sufuria yake, na kasi ya mwisho huamuliwa na sufuria. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1967, na hesabu yake haijachakaa. Chukua programu ambayo asilimia 95 ya kazi yake inagawika vizuri kabisa na asilimia 5 haigawiki. Ukiipa viini 64 vya prosesa, yaani vitengo 64 vinavyokokotoa kila kimoja peke yake, itakwenda haraka mara 15 hivi, wala si mara 64. Ukiipa viini 1,000, haitafika mara 20. Na haitafika mara 20 kamwe, hata umpore Masiyiwa mashine zake zote.

Wapo wanaojibu kwa hoja ya mwanasayansi wa kompyuta John Gustafson, na wana haki ya kufanya hivyo. Mwaka 1988 alionyesha kwamba watu wanaopata mashine kubwa hawaishii kufanya kazi ile ile ya jana kwa haraka zaidi. Huchukua kazi kubwa zaidi. Wageni wakiongezeka, vitunguu vinaongezeka kuliko muda wa kuivisha, basi wamenyaji wengi wanapata la kufanya. Katika bioinfomatiki hoja hii ina nguvu ya kipekee, kwa sababu data imekua kwa kasi ya kutisha. Kusoma jenomu moja ya binadamu kuligharimu karibu dola milioni 95 mwaka 2001; kufikia 2022 gharama ilikuwa imeshuka hadi takriban dola 500. Hakuna prosesa iliyoshuka bei hivyo. Ndiyo maana mtu anaweza kuniambia, bila kukosea, kwamba hesabu ya Amdahl inamhusu mwenye sampuli moja, na sisi tuna maelfu. Mkusanyo wa vimelea vya malaria uliotolewa na mtandao wa MalariaGEN mwaka 2023 una sampuli 20,864 kutoka nchi 33. Hivyo ni vitunguu vitupu: kila sampuli inachambuliwa peke yake, haina habari na jirani yake.

Nakubali. Ila tazama kinachofuata kutokana na hoja hiyo. Ikiwa kila sampuli inajitegemea, basi hatuhitaji kompyuta kuu. Kinachoifanya kompyuta kuu iitwe kuu, na iuzwe bei ile, ni mtandao wa ndani unaoziwezesha prosesa maelfu kuzungumza kwa haraka sana wakati kazi inaendelea. Kazi isiyo na mazungumzo haiuhitaji mtandao huo. Mashine kumi za kawaida zilizofungwa pamoja, yaani klasta, zenye kumbukumbu ya kutosha na programu nzuri ya kupanga foleni, zitaimaliza kwa sehemu ndogo ya gharama. Folding@home ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2020, wakati wa korona, mradi huo wa kuiga mikunjo ya protini kwenye kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote ulivuka kiwango cha eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, miaka miwili kabla ya kompyuta kuu yoyote kutambuliwa rasmi kuwa imefika hapo. Zilikuwa kompyuta za sebuleni, kila moja na kipande chake. Na jenomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ina herufi za DNA milioni 23 tu, dhidi ya bilioni 3.1 za binadamu. Sampuli moja ya malaria haiitoi jasho kompyuta mpakato nzuri.

Kwa hiyo tujiulize vizuri: kazi zetu ni za aina gani? Hapa ndipo mjadala wetu ulipo hafifu, maana tunasema "uchambuzi wa jenomu" kana kwamba ni kitu kimoja. Kulinganisha vipande vifupi vya DNA na jenomu ya rejea kunagawika kwa urahisi, kipande kwa kipande. Kutafuta mabadiliko ya herufi baada ya hapo kunagawika pia, ila kwa hila zake. Wengi tulifundishwa kugawa kwa kromosomu: binadamu ana kromosomu 22 za kawaida, ongeza X na Y, kwa hiyo tunarusha kazi 24 kwa mpigo na kusubiri kasi ya mara 24. Haiji. Kromosomu 1 ina herufi kama milioni 248, kromosomu 21 ina kama milioni 47. Viini vilivyopewa kromosomu ndogo vinamaliza mapema na kukaa bila kazi, huku kila mtu akimngoja yule mwenye kromosomu 1. Gawanya bilioni 3.1 kwa milioni 248 upate ukomo wake: mara 12 na nusu. Nusu ya mashine uliyoilipia imekaa kibarazani. Dawa yake ni kukata jenomu katika vipande vidogo vinavyolingana na kumpa kazi mpya kila anayemaliza, jambo linalohitaji mtu anayejua anachofanya na haligharimu hata senti moja ya vifaa.

Kisha kuna kazi ambazo ni sufuria tupu. Kukadiria nasaba ya virusi kwa mbinu ya Bayes, kwa mfano kwa programu ya BEAST, ni kutembea hatua mamilioni ambapo kila hatua inategemea ile iliyotangulia. Huwezi kumtuma mtu akaanze hatua ya milioni moja kabla ya ya kwanza kupigwa. Unaweza kuendesha minyororo minne, yaani matembezi manne ya namna hiyo, kwa pamoja, lakini kila mmoja lazima upite kipindi chake cha kuzoea kabla matokeo yake hayajafaa kitu, kwa hiyo hupati robo ya muda. Unaweza pia kugawa hesabu ndani ya kila hatua, na kadi za grafiki (GPU), zenye viini vidogo maelfu, husaidia hapo kama mfuatano ni mrefu wa kutosha. Virusi vya korona vina herufi zisizofika 30,000, na sehemu kubwa ya herufi hizo hufanana kutoka sampuli hadi sampuli. Cha kugawana hakitoshi. Ni kama kuwapa watu ishirini kitunguu kimoja.

Na hata kazi ya vitunguu ina kitu chake cha pamoja: kisima. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye maabara ambayo haina haja ya kutajwa, nilikuwa nikichambua sampuli kwa mafungu ya nane nane. Nikapewa viini zaidi, nikapandisha hadi 48 kwa mpigo, nikaenda kulala nikiwa na furaha. Asubuhi nilikuta kazi imechelewa kuliko siku zote. Prosesa hazikuwa zikifanya chochote. Zilikuwa zimepanga foleni kwenye diski moja ya mtandao ambayo kila kazi ilisomea na kuandikia hapo hapo. Ndoo 48, kisima kimoja, kamba moja. Tangu siku ile mtu akinieleza mashine yake ina viini vingapi, huwa namuuliza kwanza data inakaa wapi.

Swali hilo lina tarakimu zake. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza urithi na afya ya Waafrika, walichapisha uchambuzi wa jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya kilugha na kikabila barani, wakakuta mabadiliko ya kijenetiki zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yamewahi kuandikwa popote. Tuseme, kwa makadirio tu, jenomu ya mtu mmoja pamoja na mafaili yake ya kati inachukua gigabaiti 100. Watu 426 ni terabaiti 42 na ushei. Diski inayosoma megabaiti 200 kwa sekunde itahitaji zaidi ya siku mbili kuzipitia mara moja, bila hesabu yoyote kufanyika. Ukizituma kupitia mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, zitachukua siku 39, na hapo umeme usikatike wala mkonga wa baharini usiguswe. Viini elfu moja havipunguzi hata saa moja kati ya hizo. Ndiyo sababu naona ajabu taarifa za mashine mpya zinapojaa petaflopu (kila moja ni sehemu ya elfu ya eksaflopu), na diski isitajwe popote.

Tuwape nafasi wenye hoja ya upande wa pili, kwa sababu wanazo hoja na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni kwamba kadi za grafiki zimebadilisha bioinfomatiki yenyewe, na anayezibeza anaishi mwaka 2010. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Mashine za Oxford Nanopore zinasoma DNA kwa kupima mkondo wa umeme, na kuugeuza mkondo huo kuwa herufi ni kazi ya akili mnemba ambayo prosesa ya kawaida huifanya kwa kusuasua. Kuiga mwendo wa atomi za protini kunazipenda kadi hizo. Nvidia wenyewe, kwenye kizazi cha kadi zao kilichotangazwa mwaka 2022, waliweka amri maalumu za kuharakisha hesabu za aina ya Smith-Waterman, ile mbinu ya mwaka 1981 ya kulinganisha mifuatano. Kwa wanaochambua jenomu nyingi za binadamu kwa mpigo, programu za Nvidia zinageuza kazi ya siku nzima kuwa ya chini ya saa moja. Sibishani na hayo.

Ninachobisha ni kudhani kuwa kadi ndiyo kasi. AlphaFold, programu ya kubashiri maumbo ya protini iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024, waliyogawana na David Baker, ndiyo mfano anaoukimbilia kila mtu. Lakini aliyewahi kuifunga AlphaFold 2 mwenyewe anajua mchana wake ulikwenda wapi. Kabla kadi haijagusa chochote, programu hutafuta ndugu wa protini hiyo katika hazina za data zenye zaidi ya terabaiti 2, na utafutaji huo hufanywa na prosesa za kawaida zikisoma diski. Kadi ya maelfu ya dola inakaa inangoja. Mwaka 2022 watengenezaji wa ColabFold, toleo jepesi la AlphaFold, walibadilisha mbinu ya kutafuta, wakaweka programu ya MMseqs2, na utafutaji ukaenda haraka mara 40 hadi 60. Kadi ni ile ile. Tena protini zaidi ya milioni 200 zimeshakokotolewa na maumbo yake yamewekwa wazi. Anayetaka umbo la protini ya mbu au ya mtama aende akachukue, asianze kupika upya chakula kilichokwisha pakuliwa.

Historia ya fani hii imejaa visa vya namna hiyo, na vinanivutia kuliko orodha yoyote ya mashine. Smith-Waterman hutoa jibu sahihi kabisa ila polepole. Mwaka 1990 ikaja programu ya BLAST, iliyokubali kukosa machache ili ikimbie, na ndiyo iliyoifanya hazina ya data ya jenomu kuwa kitu cha kutumiwa na mtu wa kawaida. Mwaka 2000, mradi wa umma wa jenomu ya binadamu ulipokuwa ukifukuzana na kampuni ya Celera, Jim Kent wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, aliandika kwa takriban wiki nne programu ya kuunganisha vipande vyote, huku akibandika barafu kwenye viganja vilivyomuuma kwa kuchapa. Aliiendesha kwenye kompyuta 100 za Pentium III, za aina iliyokuwa mezani kwa karani yeyote. Wakati wa korona, wachambuzi walipokuwa wakijenga upya mti wa nasaba wa virusi kila siku na kuelemewa, programu ya UShER ya mwaka 2021 ilikuja na wazo la kushangaza kwa urahisi wake: usijenge mti upya, pachika tawi jipya kwenye mti uliopo. Mti wa mamilioni ya sampuli ukawa unaongezwa tawi kwa muda mfupi. Hakuna aliyenunua kompyuta kuu kwa ajili hiyo.

Hoja ya pili ya upande wa pili ni ya mamlaka juu ya data, na kwangu hii ndiyo nzito kuliko zote. Sampuli zilitoka mwilini mwa watu wa Kilifi, Ifakara na Gulu. Kwa nini zisomewe Ulaya? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya 2022, na zote zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Wanaosema tukodishe tu wingu, kwamba Amazon wako Cape Town tangu 2020 na mambo yamekwisha, wanapita juu juu. Wingu linalipwa kwa dola, ruzuku inakwisha, na kuitoa data yako mle ndani kunatozwa. Hoja hiyo ya kukodi wingu ndiyo dhaifu kuliko zote nilizozisikia katika mjadala huu, kwa sababu inachukulia kwamba utafiti una kipato cha kila mwezi kama duka. Mtafiti wa jenomu hapa kwetu anaishi kwa ruzuku ya miaka mitatu au mitano. Data yake inapaswa kuishi miaka thelathini.

Lakini mamlaka juu ya data hayapimwi kwa petaflopu. Jenomu za H3Africa zimehifadhiwa katika ghala la Ulaya linaloitwa EGA, na ruhusa ya kuzitumia hutolewa na kamati ya H3Africa yenyewe. Diski ziko mbali, funguo ziko kwetu. Kinyume chake pia kinawezekana: kituo kikawa Nairobi, mwenye nacho akawa kampuni, bei ikapangwa kwa dola, na mtafiti wa Maseno akawa mteja wa mwisho kwenye foleni nyuma ya mabenki. Mashine kuwa karibu hakuzifanyi ziwe zetu. Anayetaka mamlaka aanze na diski za kudumu zenye nakala mahali pawili, sheria ya nani anashika funguo, na bajeti isiyokufa na ruzuku. Ni mambo yasiyopendeza kwenye picha za uzinduzi, najua.

Kisa kinachonipa mizani katika haya yote ni cha muhogo, na inachekesha kidogo kwamba ndilo jina, kwa Kiingereza, la kampuni niliyoanza nayo. Kwa miaka mingi mashamba ya Tanzania, Uganda na Kenya yamekuwa yakiliwa na batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa ya virusi yanayosambazwa na inzi weupe. Kujua ni inzi wa jamii gani anayesambaza wapi, lazima ujenge mti wa nasaba. Na idadi ya miti inayowezekana hupanda kwa namna inayotia kizunguzungu: kwa viumbe 10 kuna miti 2,027,025 isiyo na mzizi, kwa viumbe 20 ni zaidi ya bilioni mara bilioni 200. Laura Boykin, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi na akifanya kazi pamoja na watafiti wa Afrika Mashariki akiwemo Joseph Ndunguru wa Tanzania, alitumia kompyuta kuu ya kituo cha Pawsey, mjini Perth, kwa hesabu hizo. Ilikuwa matumizi halali kabisa: kazi kubwa, yenye mazungumzo mengi kati ya prosesa, ya kufanywa mara chache.

Kisha kundi lile lile likafanya jambo la pili. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 2019, walibeba vifaa vya betri hadi shambani kwa mkulima, shamba moja katika kila nchi ya hizo tatu, wakatoa DNA kutoka kwenye jani, wakaisoma kwa MinION, mashine ya Oxford Nanopore inayoenea kiganjani, na herufi zikatolewa na kisanduku kidogo pale pale, bila intaneti na bila umeme wa gridi. Kuanzia kufika shambani hadi kumwambia mkulima majibu ya awali, saa 3 hazikutimia. Ndani ya kisanduku kile mna ukokotoaji sambamba kama uliomo Perth, ila umekatwa kwa kipimo cha swali. Swali la Perth lilikuwa: inzi hawa wametokeaje? Swali la shambani: hii mbegu niipande au niing'oe? Mkulima hakuwa na shida ya petaflopu.

Nikilitazama eneo letu kwa mizani hiyo, naona kazi chache sana zinazodai mashine ya aina ya Perth, na kwa hizo chache tayari kuna mlango. Kituo cha CHPC cha Cape Town kina Lengau tangu 2016, jina la Kitswana la duma, mashine ya petaflopu moja iliyojengwa kwa ajili ya watafiti. Naona kazi nyingi za wastani, za kusoma vimelea, virusi, mifugo na mazao, zinazotaka klasta ya kadiri yenye kumbukumbu kubwa na diski nzuri, kama zile za taasisi za utafiti wa mifugo na wadudu, ILRI na ICIPE, jijini Nairobi. Mabadiliko ya jeni ya kelch13 yanayoipa malaria usugu dhidi ya dawa ya artemisinini yaliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye mkoani Kagera. Kuyafuatilia kunahitaji sampuli nyingi, upesi, kila msimu, na kipande kimoja cha kromosomu moja. Na naona kazi za pembezoni, wilayani na shambani, zinazotaka kadi moja ndogo na betri.

Zilizopungua kuliko zote ni nafasi za kazi. Mwaka 2013, kompyuta kuu ya Ranger ilipozimwa Texas, kabati zake kadhaa zilipelekwa kwa taasisi za Afrika Kusini, Botswana na Tanzania, na waliozipeleka walisema wazi kwamba lengo ni kukuza wataalamu wa kuendesha mashine za namna hiyo. Hawakuwa na haya kueleza kwamba mashine ni ya kufundishia. H3ABioNet, mtandao wa bioinfomatiki ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, uliendesha kozi zake kwa madarasa yaliyotawanyika barani kote, na waliopita humo sasa ndio wanaoshikilia maabara nyingi. Lakini muulize mkuu wa idara yoyote ana cheo gani cha kudumu, chenye mshahara na pensheni, cha mtu anayesimamia klasta. Mara nyingi atakuonyesha mwanafunzi wa uzamili anayejua Linux. Mwanafunzi akimaliza, au akipata kazi Basel, nywila zinaondoka naye.

Kwa hiyo serikali au chuo kinachojiandaa kutangaza zabuni ya mashine, au kukodi nafasi katika vituo hivi vipya, ningekipa sharti moja la kuandika kwenye makaratasi kabla ya mengine. Chukua sampuli 100 halisi za malaria au za muhogo, na programu zile zile ambazo watafiti wako wanazitumia leo. Mwambie kila muuzaji aziendeshe mbele yako kwa kiini 1, kisha 8, 16, 32, 64, akisoma kutoka kwenye diski ile ile anayotaka kukuuzia, na achore mstari wa muda uliotumika. Kisha chora mwenyewe mstari wa pili, wa gharama ya umeme na wa mshahara wa fundi kwa miaka mitano. Ukiona mstari wa kwanza unaanza kulala kwenye viini 16, nunua viini 16, chukua fedha zilizobaki ununue diski, na utangaze ile nafasi ya fundi.